Historia Fupi ya Mji wa Bado, Ambao Sasa ni Tayari

Kwa miaka yote niliyofundisha historia ya majina ya mahali katika chuo kikuu cha nchi yetu, sikugundua kwamba Bado halikuwa jina. Lilikuwa jibu. Nililisoma kwenye ramani, nikalitamka mbele ya wanafunzi, nikaliandikia makala yenye tanbihi ndefu kuliko matini yenyewe, na wala halikunipitia akilini swali jepesi ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama jikoni angeliuliza: jibu la nini?

Makala hiyo ilipokelewa vizuri. Nilidai humo kwamba mji ulirithi jina la Mbado, shujaa wa kale aliyewaongoza watu wake kutoka kaskazini, na kwamba herufi ya kwanza ilidondoka njiani kwa uchovu wa safari. Mwenzangu wa idara jirani alinipinga vikali. Yeye aliamini kuwa jina lilitokana na mti wa dawa ambao haujapata kuonekana na mtu yeyote, jambo alilolichukua kuwa ushahidi wa ukale wake. Tulijibizana kwa heshima katika majarida, tukapandishwa vyeo sote wawili.

Nayaeleza haya kwa sababu Wizara ya Maendeleo Yaliyokwisha Kupatikana iliniteua baadaye niandike historia rasmi ya mji huo. Historia rasmi ndiyo hii, pamoja na sehemu ambazo Wizara haikuziomba.

*

Mji ulianza kwa kamba za kuanikia nguo. Wakazi wake wa kwanza waliishi nyuma ya Ikulu, katika mtaa mkongwe kuliko Ikulu yenyewe. Siku moja mgeni wa taifa, akinywa chai roshanini pamoja na Kiongozi Mtukufu, aliona khanga, shuka na suruali za watu zikipepea ng'ambo ya ukuta. Akauliza kwa adabu kama hizo zilikuwa bendera za majimbo.

Kiongozi Mtukufu alimwongezea chai. Wiki haikwisha kabla malori hayajafika.

Watu walipelekwa kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, nje kidogo ya mji mkuu, mahali ambapo lami huchoka na kuacha barabara iendelee peke yake. Huko walitangaziwa kuwa wamekuwa kitongoji cha kisasa. Kila familia ilipewa kiwanja, maana yake mawe manne ya mpaka na nyasi katikati, na kila kiwanja kilipewa haki ya kuanika nguo kwa uhuru, kwa kuwa hakuna mgeni wa taifa ambaye angefika kule. Wapimaji wakaja na kamba zao, wakauliza mahali panaitwaje, wakapata neno, wakaliandika. Serikali ikaridhika nalo. Lilikuwa fupi, na halikuhitaji rangi nyingi kwenye kibao.

*

Msomaji asiyeijua nchi yetu hataelewa yaliyofuata mpaka nimweleze jinsi tunavyouliza maswali.

Kwetu ni utovu wa nidhamu kuuliza swali la shaka kuhusu kazi ya Serikali. Afisa hawezi kusema, "Je, daraja limejengwa?" kwa sababu swali hilo huacha mlango wazi kwa jibu baya. Mwongozo wa Wizara unamtaka aseme, "Daraja liko wapi?" Hilo ni swali la kistaarabu. Linakubali tangu mwanzo kwamba daraja lipo, na linamwachia anayeulizwa kazi ndogo tu ya kuonyesha lilipo.

Kila Jumatatu asubuhi, basi, Wizara huwapigia maafisa wa mikoa yote kwa simu ya upepo.

"Daraja la mto liko wapi?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Chuo cha ualimu kiko wapi?"

"Bado, Mheshimiwa."

Zamani makarani waliposikia hivyo walikuwa wakikohoa na kuacha nafasi tupu, na nafasi hizo ziliwahuzunisha viongozi. Lakini Bado ilipoingia kwenye ramani, makarani wakapumua. Kila kitu sasa kilikuwa na mahali. Daraja la magharibi lilikuwa Bado. Chuo cha ualimu cha kaskazini kilikuwa Bado, kikipakana na kiwanda cha mbolea na viwanja vya ndege. Hospitali za rufaa zilikuwa nne, zote Bado. Bandari mpya nayo ilikuwa huko, ingawa kutoka shamba lile la mkonge hadi baharini ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na mnara wa kuongozea meli uliwekwa karibu nayo kwa ajili ya usalama.

Idara ya Takwimu ilipojumlisha, ilibaini kwamba Bado ndio mji ulioendelea kuliko yote barani. Wataalamu wake, ambao ni watu wa haki, walishauri kwamba mji huo usiongezewe kitu chochote mpaka miji mingine iufikie.

*

Katika mji huo ulioendelea aliishi Bi Sikudhani, mkunga. Hakuwa na cheti. Alikuwa na mikono. Karibu kila mtu aliyezaliwa Bado alipokewa na mikono hiyo, na mwishoni ikaanza kutetemeka. Aliweza kuificha sokoni na msikitini, lakini si mbele ya Hidaya, mjukuu aliyemlea mwenyewe, kwa kuwa wawili hao walikula sahani moja na Hidaya aliona kijiko kinavyofika mdomoni.

Kisha Hidaya akashika mimba, ya kwanza. Bibi yake alifurahi siku moja. Siku ya pili alivaa buibui lake jipya, akapanda basi kwenda ofisi ya mkoa kuomba zahanati.

Bwana Lukelo, afisa wa mkoa anayeshughulikia maombi, alinisimulia mazungumzo hayo yeye mwenyewe, tena kwa fahari, kama mfano wa mwananchi aliyehudumiwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuhusu zahanati."

"Ipi, mama? Ninyi mnazo nyingi."

"Hata moja hatuna."

"Mama, mnazo hospitali nne za rufaa. Wenzenu wa kusini wanajifungulia kwenye mapagale. Kweli hamuwaonei huruma?"

"Ziko wapi hizo hospitali?"

"Bado," akasema Bwana Lukelo, akigusa ramani kwa kalamu.

"Ndivyo nisemavyo na mimi, baba. Bado."

"Basi tumeelewana."

Bi Sikudhani hakuondoka. Alimweleza kwamba mama yake Hidaya alikufa siku aliyomzaa Hidaya, damu ilikataa kusimama, na waliomzalisha walikuwa yeye na mikono hii hii, nayo siku hizo haikutetemeka. Akaiweka mezani ili Bwana Lukelo aione.

Bwana Lukelo aliitazama. Si mtu mbaya. Aliniambia kwamba alikosa raha siku ile mpaka wakati wa chakula cha mchana.

"Pole sana, mama," akamwambia. "Huyo mjukuu usimcheleweshe. Mpeleke Bado."

"Ndiko anakokaa."

"Ana bahati."

*

Mimi nilifika mjini Bado mimba ikiwa ya miezi saba, nikitafuta habari za shujaa Mbado. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka stendi, Shomari, hakuwahi kumsikia, lakini alisema bibi wa mke wake anawajua wote waliofika mwanzo. Alinishusha uani kwa Bi Sikudhani, ambako Hidaya alikuwa akikoroga unga wa vitumbua, amenyoosha miguu kwenye mkeka kama walivyo wajawazito.

Nilieleza nadharia yangu kwa utulivu. Bi Sikudhani aliisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mwenzangu wa idara jirani hakuwahi kulifanya.

"Kutoka kaskazini?" akauliza. "Sisi tumetoka nyuma ya Ikulu, baba. Kwa lori."

"Bibi, mwambie habari ya vitumbua," Hidaya akasema.

"Mwambie wewe, mke mwenzangu. Unaijua kuliko mimi niliyekuwepo."

"Mimi nitaiharibu. Mwambie."

Bi Sikudhani akageuza kitumbua kimoja, akapangusa mikono.

"Nilikuwa mwari, nimeolewa juzi juzi. Nyumba hatuna, nakaangia hapa hapa penye nyasi. Akaja bwana mpima na kofia yake. Lori linanguruma, maana likizimwa haliwaki tena. Akainama, akauliza kitu. Mimi sikumsikia, nikaona tu macho yamesimama kwenye kikaango changu, na vitumbua ndio kwanza vinashika rangi. Nikamwambia: bado. Akashukuru. Akaandika. Akaondoka."

"Na hukumwita umsahihishe?"

"Nimsahihishe nini? Nilidhani ana njaa."

"Sikudhani alidhani," Hidaya akasema, na wakacheka wote wawili kicheko ambacho bila shaka walikuwa wamekicheka mara nyingi kabla yangu. Shomari, mlangoni, akaongeza kwamba laiti bwana yule angekawia kidogo, leo wangekuwa wanakaa Vimeiva.

Nilikunja makala yangu nikaitia mfukoni. Nilijaribu kumfikiria Mbado akitembea kutoka kaskazini na watu wake, akiwa amechoka, nikaona nafasi yake imejaa mafuta ya moto.

Hidaya alipokwenda kuteka maji, Bi Sikudhani aliacha kucheka.

"Wewe ni msomi. Wakubwa wanakusikiliza. Waambie Bado si mahali. Waambie ni bado tu, ile ya kila siku. Wakishaelewa hilo wataona hatuna kitu, na miezi miwili inatosha kuleta hata chumba kimoja na nesi mmoja mwenye mikono mizima. Mimi sitaki kumzalisha yule. Unanielewa? Namwogopa."

Nilimwelewa. Niliandika maoni ya kitaalamu, kwa lugha fasaha, nikathibitisha kwamba bado ni kielezi na kwamba haiwezekani kisarufi kujenga hospitali ndani ya kielezi. Wizara ilijibu upesi kuliko kawaida yake. Ilinishukuru kwa kugundua kasoro kubwa, ikaahidi kwamba Waziri mwenyewe atakuja kuirekebisha mbele ya wananchi.

Mimi niliamini kasoro ilikuwa ukosefu wa zahanati. Wizara iliamini kasoro ilikuwa jina.

*

Siku ya sherehe, Hidaya alianza uchungu alfajiri.

Shomari alimfunga nyuma yake kwenye pikipiki kwa khanga mbili, na bibi yake akawasindikiza mpaka barabara kuu. Hapo palikuwa na polisi na kamba.

"Barabara imefungwa. Msafara wa Waziri unakuja."

"Afande, mke wangu anajifungua."

"Mpeleke hospitali."

"Ndiko naenda. Mjini."

"Mjini kufanya nini? Hospitali si ziko huko huko unakotoka? Nne, nimesikia redioni."

Walirudi, wakamshusha Hidaya kwenye majiko ya pilau ya sherehe, walipokuwa wanawake wenzake. Msafara ulitarajiwa saa tatu asubuhi, ukafika alasiri. Turubai lilikuwa limesimikwa kwenye kiwanja kikubwa chenye nyasi za kiunoni na kibao kilichosomeka HOSPITALI YA RUFAA, BADO. Nilikaa mstari wa mbele, karibu na spika.

Waziri alishuka, akatazama nyasi, akatazama kibao. Akamgeukia Bwana Lukelo na kuuliza, kama mwongozo unavyotaka:

"Hospitali iko wapi?"

Bwana Lukelo alifungua mdomo. Lilikuwepo jibu moja tu.

"Bado, Mheshimiwa."

Watu wa mji ule ni wapole, lakini walicheka. Walianza wanawake waliokuwa wakipika pilau nyuma ya turubai, kicheko kikasambaa mpaka kwa askari. Mzee mmoja alipaza sauti, "Na bandari je?" na umati mzima ukamjibu kwa pamoja. Waziri alisubiri. Ni mtu mwenye kipaji cha kusubiri. Amehudumu chini ya viongozi wengi.

"Ndugu wananchi," akaanza, "mmecheka, na mna haki ya kucheka, kwa sababu mmeonewa. Nimeambiwa na msomi wetu huyu hapa, tumpigie makofi, kwamba kwa miaka mingi ninyi mmekuwa mkiishi ndani ya kielezi. Kielezi! Katika nchi huru! Serikali yenu sikivu haiwezi kuwaacha humo hata siku moja zaidi. Leo hii, mbele ya macho yenu, tunawatoa!"

Nilipigiwa makofi. Sikumbuki kuwahi kupigiwa makofi mazito kama hayo, wala kutamani sana yaishe.

Waziri akaruhusu wananchi wapendekeze jina jipya, kwa kuwa nchi yetu ina demokrasia. Bi Sikudhani alikuwa ametoka nyuma ya turubai, mikono imelowa, akitafuta mtu wa kumwambia kitu. Bwana Lukelo, aliyemtambua, alimpa kipaza sauti akidhani anataka kupendekeza. Naye, alipoona kipaza sauti kiko mkononi mwake, alikitumia.

"Uiteni Zahanati," akasema.

"Kwa nini, mama yangu?" Waziri akauliza, akitabasamu.

"Ili mtu akituuliza zahanati iko wapi, tuseme tumo ndani yake. Lakini sikuja kwa hilo, mwanangu. Mjukuu wangu yuko hapo nyuma, tangu alfajiri, na mtoto hashuki. Naomba gari."

"Mama ana utani!" Waziri akasema, na kipaza sauti kikarudishwa mahali pake. "Tunawapenda wazee wetu kwa utani wao. Sasa sikilizeni. Kuanzia dakika hii, mji huu hautaitwa Bado. Utaitwa Tayari!"

Fundi wa rangi alikuwa amejificha nyuma ya kibao tangu asubuhi. Akajitokeza na brashi.

Bi Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwenye magari. Nilimfuata, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine nililoweza kufanya kama mtaalamu. Dereva wa Waziri alikuwa akipangusa kioo.

"Mwanangu, gari liko tayari?"

"Liko Tayari, mama," dereva akasema, na nina hakika hakukusudia mzaha. "Lakini halitoki mpaka Mheshimiwa atoke."

Mheshimiwa alikuwa ameingia sehemu ya pili ya hotuba.

Tulirudi kwenye majiko. Wanawake walikuwa wamemlaza Hidaya juu ya magunia ya mchele na kumzungushia khanga. Nilipewa ncha ya khanga moja niishike, nikaambiwa nitazame nje. Nilitazama nje, kwa hiyo katika saa ile niliona jukwaa tu. Nyuma yangu nilimsikia Hidaya akisema, "Bibi, mikono yako," na Bi Sikudhani akijibu, "Iache mikono yangu, mke mwenzangu, wewe sukuma." Waziri alikuwa akieleza tofauti kati ya nchi zinazoendelea na nchi iliyokwisha kuendelea.

Mtoto alilia katikati ya sentensi yake. Waziri akamgeukia Bwana Lukelo.

"Sauti gani hiyo?"

Bwana Lukelo alitazama majiko, akatazama kibao ambacho rangi yake ilikuwa ikitiririka. Nilimwona akifikiri.

"Ni mtoto, Mheshimiwa," akasema. "Amezaliwa hospitalini."

Makofi yalidumu mpaka ngoma zilipoanza. Khanga niliyoishika ilikuwa imelowa damu mpaka kwenye vidole vyangu. Baada ya ngoma palikuwa na picha, na baada ya picha pilau. Hidaya alipelekwa mjini jioni, nyuma ya pikapu iliyoleta viti, amelala kati ya viti hivyo, na Shomari akiwa ameshika chupa ya maji ambayo hakuna aliyemwambia aifanyie nini.

*

Sina mengi ya kuongeza, na baadhi yake yamo katika taarifa ya Wizara.

Taarifa inaeleza kwamba Hospitali ya Rufaa ya Tayari ilianza kazi siku ya uzinduzi, kwa kuzalisha mtoto mmoja wa kike bila kasoro. Sasa Jumatatu asubuhi maafisa wakiulizwa zahanati iko wapi, au daraja, au kisima, hujibu kwamba iko Tayari, na makarani huweka tiki. Kwa kuwa hakuna tena mahali panapoitwa Bado, ilionekana kwamba hakuna tena kitu ambacho ni bado, na nchi ikatangazwa kuwa imekamilika. Kamusi ya Taifa iliniomba nifikirie kulifuta neno lenyewe. Niliomba muda. Waliponiuliza kama nimemaliza, sikuwa na neno la kuwajibu.

Bi Sikudhani aliandikwa kuwa Mganga Mkuu wa hospitali hiyo, ili orodha ya wafanyakazi isiwe tupu. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba amepita umri wa utumishi, akastaafishwa kwa sheria, na sheria hiyo hiyo inamkataza mstaafu kuzalisha. Alinionyesha mikono yake akasema hajui iwapo amefungwa au amefunguliwa.

Hidaya alirudi nyumbani akiwa hai. Madaktari wa mjini walilazimika kutoa kizazi. Nilikwenda kuwaona, nikamkuta uani anamnyonyesha mtoto, na kwa mazoea ya kazi yangu nikamwuliza jina lake. Alimfunika mtoto kwa khanga.

"Wewe tena, Profesa?" akasema. "Sikwambii. Utaliandikia makala."

Tangu mwaka huo, wanawake wa Tayari huondoka makwao mimba ikifika mwezi wa nane, hupanga vyumba karibu na hospitali ya mjini, na wengi wao hurudi na watoto.